Picha ya Kifua

Leoncio, mdogo wangu,
daktari kule Juliaca aliinua picha dirishani,
akasema, tazama, mzee Nazario,
hapa, na hapa, na huku chini pote.
Nikaona weupe.
Miaka kumi na tisa ya vumbi la bati
imekaa kifuani mwangu kama theluji
iliyoanguka usiku, bado haijakanyagwa.

Hakuna dawa, alisema. Alisema kwa upole,
huku akitafuta kifuniko cha kalamu.

Basi nikaikunja ile picha (hazikunjwi, najua)
nikaitia katika mfuko wa majani ya koka,
nikachukua chupa ya soda ya lita mbili
na lile blanketi lako la mistari
ambalo Hermelinda hajathubutu kulifua tangu siku ile.
Akaniuliza, unakwenda wapi na pumzi za kuku aliyekabwa?
Mlimani, nikamjibu. Kufuata barafu.
Akacheka, kisha akanifungia viazi vikavu.

Unakumbuka baba alivyorudi na barafu mgongoni,
imefungwa kwa kamba za sufu,
maji yakimtiririka hadi visiginoni?
Tulikinga mikono. Mama alikupaka wewe machoni,
mimi masikioni, na ng'ombe naye akapata yake.
Mwaka ule hakuna aliyeugua.
Au waliugua, nami nilikuwa mtoto.

Nilipanda siku mbili. Wenzangu hupanda asubuhi moja.
Kila hatua kumi niliketi
kama mtu anayengoja mshahara.
Mahujaji walinipita na ngoma na filimbi,
vijana wenye vioo kofiani,
mama mmoja ameshika lori dogo la bati,
mfano wa lile analoliomba kwa Bwana.
Wakanipa supu. Wakaniuliza naomba nini.
Nikasema, pumzi. Jina lako sikulitaja.

Nilidhani barafu itanipokea penye msalaba wa kwanza.
Palikuwa na matope. Penye wa pili, kokoto.
Mlima ulikuwa mweusi, Leoncio,
mweusi kama mdomo wa shimo letu,
na barafu imekimbilia juu, imejikunyata
kama ajuza aliyebakiwa na shuka moja.

Mlinzi wa barafu, kinyago cha sufu usoni,
aliiona chupa yangu.
"Baba, siku hizi haikatwi. Nayo inaumwa."

Mganga hajigangi, husema watu.
Sikujua kwamba husemwa hata juu ya milima.

Nikaketi. Nikatoa picha, nikaielekeza juani,
mlinzi akainama tukatazama pamoja:
mbavu zangu, na nyuma ya mbavu mlima,
weupe wangu umekaa palepale
ulipokuwa weupe wake.
Akavua kinyago. Kumbe kijana mdogo,
ndevu bado zinabishana kama zitoke.
"Zamani ilifika wapi?" akauliza.

Muda mrefu hakuna aliyeniuliza kitu ninachokijua.
Nikasimama. Nikashuka hatua mia moja na sitini,
nakohoa, nahesabu kwa sauti,
nikaweka kiganja juu ya jiwe. Hapa.
Mwaka niliokuja na mdogo wangu Leoncio, ilikuwa hapa.
Alikuwa na miaka kumi na minne. Aliilamba, ulimi ukanata,
tukacheka mpaka baba akatuchapa.
Bado yuko kule chini, tabaka la saba.
Paa lilipolia, mimi nilikuwa wa kwanza kukimbia.

Nilisema hivyo. Kwa kijana nisiyemjua,
aliyekuwa anachora mstari wa chokaa jiweni
na hakugeuka mpaka alipoumaliza.

Sikupona, Leoncio. Ninakohoa ninapoandika haya,
Hermelinda ananiambia nizime taa.
Chupa ilirudi tupu, sasa ina mafuta ya kupikia.
Picha niliiacha kule, nimeiwekea jiwe.
Blanketi lako limefuliwa. Liko kambani,
linadondosha maji,
na watoto wa jirani
wanakinga mikono.