Makopo ya Paka

Jumapili, tukitoka kanisani, mama alifuta makombo
akatandaza gazeti meza nzima.
Mkasi wake ulikuwa wa kushonea, mpini mmoja umefungwa utepe,
nao ulijua njia: fuata nukta, geuka penye kona,
usiiguse tarehe.
"Tarehe ndiyo roho ya kuponi," alituambia.
"Ikishapita, umeshika karatasi."

Duluth mwaka ule theluji haikungoja Oktoba iishe.
Baba alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka gati la madini,
yeye na wenzake mia mbili, kwa barua ya mistari mitatu.
Alikaa dirishani akiitazama barabara
kana kwamba kazi ingeshuka kwenye basi la saa moja.
Mama hakumsemesha. Alikata.

Senti kumi na tano, sabuni ya unga.
Senti arobaini, ukinunua siagi mbili,
na siagi mbili za nini kwa mtu asiye na mkate?
Basi itafutwe kwanza ya mkate.
Alizipanga kwenye boksi la viatu:
za kufulia, za kupikia, za watoto,
na nyuma kabisa, kwa mwandiko mdogo, "labda".

Jumatano duka la Lindqvist lilihesabu kila kuponi mara mbili.
Tulikwenda kwa miguu, mimi na Lowell tukivuta sleji.
Keshia alilowesha kidole, akazigeuza moja moja.
Nyuma yetu foleni ilikohoa.
Mimi nilisoma maandishi ya pakiti za chingamu
kwa bidii ambayo sikuwahi kuipeleka shuleni.
Nilimwonea mama aibu. Naliandika kwa sababu ni kweli.

Sheria yake ilikuwa moja: usinunue kitu
kwa kuwa tu kina kuponi.
Aliivunja kwa chakula cha paka.
Kopo senti ishirini na tano; kuponi kumi na tatu,
mara mbili, ishirini na sita.
Duka likawa linadaiwa senti moja kila kopo!
Mama alicheka hadi akashika ukingo wa kaunta.
Paka hatukuwa naye. Lakini Bwana Halvorsen, jirani,
alikuwa na Pelle, dume la kijivu lililokatika sikio.
Tulimpelekea makopo ishirini na manne.

Pelle alikufa Januari.
Ardhi ilikuwa imeganda, jembe likadunda,
wakamhifadhi, yeye na Lowell, kwenye kibanda cha kuni
kungojea masika.

Februari Bwana Halvorsen aliniita ukingoni mwa ua,
akauliza, macho yako kwenye viatu vyake,
kama mama bado anayo yale makopo.
"Kuna paka mwingine," alisema. "Huja mlangoni."
Nikautazama mlango wake.
Theluji ilikuwa laini toka kizingitini hadi barabarani,
haina hata unyayo mmoja.

Nilipomweleza mama, mkasi ulisimama.
Baba aligeuka kutoka dirishani.
Jokofu liliguruma, likanyamaza.
Kisha mama akalivuta boksi, vidole vikapita za kufulia,
vikapita za watoto, vikafika kule nyuma kwenye "labda":
jodari, maharage, supu ya kuku, biskuti za chumvi.
Jumatano hiyo baba ndiye aliyevuta sleji.

Juu ya mfuko mama aliandika:
"Kwa paka wako mpya. Nasikia ni mchaguzi."
Tukauacha mlangoni, tukaondoka bila kubisha.

Wiki iliyofuata mfuko ulirudi, umekunjwa vizuri mara nne.
Ndani yake kulikuwa na kuponi moja, ya kahawa,
imekatwa na mkono unaotetemeka:
mkasi umepotea nje ya nukta, ukarudi, ukapotea tena,
kona moja haipo.
Mama aliinua ile karatasi kwenye mwanga.
Tarehe ilikuwa nzima.