Ukanda wa Njiti Moja

Mjomba Kyungu amechora mji nyuma ya kalenda ya benki,
kalenda ya mwaka uliokufa, kwa rula ya shule na wino wa bluu:
hapa reli, hapa tanuru, hapa mto Lubumbashi
uliopinda zaidi kwa sababu Numbi alimgonga kiwiko.
Mwaka ni elfu moja mia tisa na kumi, anatangaza.
Treni ya kwanza imefika. Tupa dadu.

Dadu ni ya sabuni, imechongwa kwa wembe;
sita yake imeanza kufutika kwa jasho la viganja.
Vifuniko vya chupa ni nyumba,
nyaya za shaba zilizokatwakatwa ni shaba
(hapo tu hatukuhitaji kuigiza)
na karanga ni wafanyakazi.
Numbi, miaka minane, anakula wafanyakazi wake.
"Kampuni italeta wengine," anasema, akitafuna,
na Mjomba anacheka, kisha anaacha kucheka.

Umeme umekatika Katuba yote. Mshumaa ndani ya kopo.
Mujinga ndiye tajiri: ana tanuru, ana stesheni,
ana lile tabasamu lake la muuza unga
anayejua kesho bei itapanda.
Mimi nimevuta kadi mbaya mara tatu.
Homa kambini: ondoa karanga nne.
Bei ya shaba imeanguka: rudisha karanga vijijini, kwa miguu.
Ya tatu sisemi.

Ndipo nikaona nafasi. Katikati kabisa,
kati ya mji wa wazungu na vijumba vya Kamalondo,
ukanda mtupu, upana wa njiti ya kiberiti,
karibu na soko, karibu na reli,
pointi kumi na mbili zimelala bure.
Nikaweka kifuniko.

"Pale habajengake," Mjomba akasema.
Kwa nini?
"Mbu. Walipima mbu wetu anaruka umbali gani usiku,
wakaacha pori la umbali huo, ili wao walale."
Akakiondoa kifuniko changu kwa ukucha, polepole,
kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mwingine.
Baba yake alikuwa mpishi ng'ambo ile.
Kila jioni aliuvuka ukanda kabla ya king'ora,
viatu mkononi, soli zisiishe,
akinukia vitunguu vya watu.

Tukanyamaza. Mshumaa ukachuruzika upande mmoja.
Numbi akachukua karanga yake ya mwisho,
akaisimamisha palepale.
"Huyu hajengi. Anapita."

Mjomba akageuza karatasi ya sheria, mbele, nyuma,
sheria alizoandika kwa mkono wake,
asikute neno.

Mujinga alishinda, arobaini na moja kwa kumi na tisa,
na bado anatukumbusha kila tukila bukari.
Kalenda imekunjwa juu ya kabati.
Ukiifungua utaona, katika ule weupe,
doa dogo la mafuta,
mahali alipopumzika.