Ikisiri ya Birika

Mwalimu Kadenge kasema: maneno mia mbili na hamsini,
likizidi moja majaji wa Mombasa hawasomi.
Lengo, mbinu, matokeo, hitimisho.
Hakuna "mimi". Hakuna "bibi yangu".
Hakuna kupiga soga.

Nimekaa dakani, Mkomani, daftari pajani,
penseli nimeitafuna hadi kwenye mti.
Athman Shee, mwenzangu wa mradi, anahesabu kwa vidole
na kila akifika mia tatu na kumi na mbili
ananitazama kama nimemwibia.

Nilianza hivi:
*Nyumbani kwetu kuna birika la chokaa,
lina samaki wanne wadogo wasio na jina,
na tangu nizaliwe sijaona mbu akitoka humo.*
Kadenge akapitisha kalamu nyekundu.
"Tangu uzaliwe" si kipimo, Swabra.

Basi nikaandika: *Utafiti huu ulichunguza.*
Nani huyo, Utafiti? Alikuwa wapi
alfajiri zote zile ishirini na moja
nilipoingia nyumba sita kwa hodi ya kunong'ona,
nikachota maji kwa kata ya kifuu,
nikahesabu viluwiluwi kwa tochi ya simu
vikijipinda, vikizama, vikirudi juu
nami narudia moja?

Kata nayo ilizua kesi.
Kata moja ni mililita ngapi?
Kwetu hakuna aliyewahi kuuliza.
Tukaazima bomba la sindano zahanati,
tukaijaza kidogo kidogo: mia mbili na themanini.
Kata ya Bi Barke,
iliyonywesha harusi tatu na matanga sijui mangapi,
sasa ina namba.

Mabirika matatu yenye samaki, matatu bila.
Bila samaki, kwa wastani, viluwiluwi arobaini na saba kwa kata.
Yenye samaki: viwili.
Siku ya kumi na nne mwenye nyumba ya Tundani
akatia klorini, samaki wakaelea matumbo juu,
Athman akataka tulifute birika lake
lisituharibie jedwali.
Hatukulifuta. Limekula maneno kumi na tisa.

Bi Barke akapita na ungo wa mchele,
akauliza twamwandikia nani barua hata twatoka jasho.
Nikamsomea.
Alitulia hadi pale pa *matokeo yanaashiria kuwa*,
hapo akacheka, mchele ukamwagika.
"Yanaashiria! Si niliwambia tangu yuzi?
Mai yangu hayana mbu, yana mlinzi.
Na hao wa Mombasa watayuaye
kuwa kula Ijumaa nawapa samaki wangu makombo ya wali?"

Penseli ikasimama.
Athman akanitazama, nikamtazama.
Wali.
Siku ishirini na moja, Ijumaa tatu,
na jedwali letu lote halina punje hata moja ya wali.

Angeweza kunyamaza. Tungeweza kunyamaza.
Majaji hawaji Lamu kukagua makombo.

Nikatafuta pa kukata.
"Kwa umakini mkubwa" likaenda, halikuwa na kazi.
"Muhimu sana" likaenda.
"Tangu enzi na enzi", nililolipenda, likaenda
na kifutio kikaacha doa la kijivu.
Palipobaki wazi nikaandika:
*Samaki wa birika moja walilishwa wali kila Ijumaa; athari yake haikupimwa.*
Maneno kumi na moja.
Hakuna sentensi niliyoiandika kwa shida hivyo
na hakuna inayosimama wima kama hiyo.

Athman anahesabu tena, midomo yachezacheza.
Mia mbili na hamsini na moja.
Limezidi moja.
Asema tuandike *Birika A*, tuondoe *birika la Bi Barke*,
tutabakiwa na nafasi tupumue.
Nikamuuliza: "Bi" ni neno au si neno?
Tukalumbana hadi adhana ya isha.

Mwisho nimeliandika limeshikana: Bibarke.
Kadenge akiuliza,
nitasema ni jina la kisayansi.