Karatasi ya Masuali

Dada wa ustawi ana kalamu ya buluu
na karatasi yenye vijumba vya ndiyo na siyo.
Mize anaitazama meza.
Basi nitajibu mimi. Mimi mama,
si wa Mize. Wa huyo mwanamme.

*Amewahi kukupiga?*
Tia ndiyo. Mwanzo ilikuwa msimu tu,
karafuu zikishapimwa, pesa zikishaingia na kutoka.
Nikasema, msimu utakwisha.
Ukaisha. Mkono haukuisha.

*Yamezidi au yamepungua?*
Kelele zimepungua, mwanangu.
Hilo ndilo lililonitoa kitandani.
Zamani nikisikia sahani, mlango, matusi.
Sasa nasikia kitu kinaburutwa,
kisha kimya,
kisha maji yanamwagwa uani saa nane za usiku.
Nani anafua saa nane?

*Amewahi kukukaba?*
Mize kavuta mtandio juu.
Usimlazimishe. Isikilize sauti yake:
tangu Jumanne anasema kama aliyemeza mchanga.
Jana wali ulimshinda, akawamwagia kuku.

Dada akaweka kalamu chini.
Akasema taratibu: aliyekabwa akabaki hai
tunamhofia kuliko aliyevunjwa mkono.
Nami niliyevunjwa mkono na babake Shaame
nikaufunika kwa kanga.

*Watoto?*
Mmoja, Salhiya, miaka sita. Halii.
Analala na viatu vya skuli miguuni.
Nilimuuliza kwa nini.
"Nikiambiwa kimbia, nisivitafute."

*Ana silaha?*
Panga la shamba lilikuwa likikaa bandani.
Mwezi huu nimefagia, nikalikuta chini ya kitanda.
Nikalirudisha bandani, sikumwambia mtu.
Kesho yake liko chini ya kitanda.
Andika hivyo hivyo, na kwamba sikumwambia mtu.

*Amesema atakuua?*
"Kwa utani," kasema Mize,
neno lake la kwanza tangu tuingie.

Hapo hapana kijumba cha utani.
Dada akatia ndiyo.

Akatwambia: siku ya kuondoka ndiyo ya kuogopwa zaidi,
msiage, msikunje nguo mchana, msimtume jirani.
Nikafikiri juu ya sheha na suluhu zake tatu.
Mara tatu fatiha, mara tatu kahawa,
mara tatu nikamshika Mize mkono, huu huu,
nikamrudisha chumbani nikimwambia mume ni sitara.
Sitara gani hii, mtu anavaa mikono mirefu juani
akianika karafuu za watu?

Karatasi imebaki mstari mmoja:
uhusiano wa shahidi na mtuhumiwa.
Andika, nimemzaa.
Andika, alipokuwa mdogo nilimchelea kulia,
kila alichokivunja nikasema kimevunjwa na paka.

Lete wino nitie dole.
Salhiya yuko nje kwenye benchi, viatu anavyo.
Na hospitali yenu hii, mwanangu,
mlango wa nyuma unatokea wapi?