Yatokanayo

Mimi ndiye niliyeshika kalamu,
Hulda Brekke, mwalimu wa hesabu,
katika chumba kilicho juu ya duka la mikate, Milwaukee,
ambako kila Jumanne usiku tuliikataa vita
huku harufu ya ngano ikipanda ngazi kabla yetu.

Tulianza watu tisa, Machi ya thelathini na nane.
Orrin Tveit, mfugaji, aliyevuta gesi kule Argonne,
kila kicheko chake kiliishia kwenye kikohozi.
Mchungaji Amstutz, ambaye ukoo wake ulihama nchi nne
kwa kukataa kushika bunduki.
Lottie Pankow wa chama cha washona glavu.
Kazimir Wojtas, mtengeneza ngozi, mikono yake rangi ya chai.
Hatukukubaliana juu ya Mungu, wala bei ya maziwa,
wala nani alipe pango la chumba.
Neno moja lilitufunga kama kamba ifungavyo kuni:
Hapana.
Sikuwa nimewaza bado kuni hufungwa ili zipelekwe wapi.

Tulisimama langoni mwa kiwanda cha trekta, theluji hadi magotini,
Lottie akiita, "Chukua, ndugu, karatasi haiumi."
Mmoja alichukua, akapengea kamasi,
akaomba radhi, akaomba nyingine ya kusoma.

Septemba ya mwaka uliofuata Wojtas hakuketi.
Dada yake alikuwa Wieluń.
"Ninyi mna bahari mbili," alisema. "Mimi nina dada mmoja."
Nikaandika: Bw. Wojtas ameomba kujiuzulu. Imekubaliwa.
Imekubaliwa!
Kana kwamba alikuja kutuomba ruhusa.

Kisha makofi yakaongezeka.
Watu mia sita ukumbini, na kati yao nyuso nisizozijua
zikishangilia pasipostahili:
sisi tukisema mabenki, wao wanasikia Wayahudi.
Kesho yake tukakuta dola arobaini sandukuni, na kijikaratasi
ambacho sitakinukuu.
Tveit, ambaye benki ilimdai hata ng'ombe wake,
alizitia jikoni noti moja moja,
akikohoa.

(Juni ya arobaini na moja, vijana watatu wa chama chekundu
walibadili msimamo kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana.
Waliacha mwavuli. Tuliutumia.)

Novemba, Lottie alikuja na mkata glavu kutoka Vienna,
Rosl Ehrenzweig, koti lake limefungwa hadi kidevuni.
Alisikiliza ajenda yote. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi wangu.
"Ningekuwa bado kule, Jumanne hii mngenifanyia nini?"
Ngano tu ndiyo iliyoendelea kunukia.
"Tungekuficha," akasema Mchungaji.
"Sisi sote?"
Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
"Nyumba yangu ina vyumba vitatu," akajibu,
na hakuwa akitania.
Nikaandika: Swali limeahirishwa hadi kikao kijacho.

Kikao kijacho kilikuwa Jumanne ya tarehe tisa Desemba.
Jumapili ilikuwa imetutangulia.
Waliohudhuria: wanne.
Mwana wa Tveit alikuwa kwenye foleni ya jeshi tangu alfajiri,
na baba yake alikuwa amempelekea kahawa.
"Sikumpelekea vita," alituambia, ingawa hatukumuuliza.
"Nilimpelekea kahawa."
Hoja: kuvunja umoja. Wawili ndiyo, wawili hapana.
Lottie akafagia. Mwoka mikate akapanda kudai viti vyake.

Wananiuliza sasa, tulikosea?
Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita,
najua sura ya swali lililobaki wazi chini ya ukurasa.
Nilichoona ni hiki: Krismasi ile
nilimpita Mchungaji Amstutz dirishani, juu ya ngazi,
rangi nyeupe hadi kwenye nyusi,
akipaka chumba cha tatu.