Tuongelee Wapi

Kikao kilianza saa nane, Kizota, kwenye ghala la ushirika,
maana ndilo lenye feni, na ufunguo anao Yolamu.
Tulikuwa tisa. Mmoja alikuja na mtoto,
mwingine na kreti tupu ya kukalia.
Ajenda moja: tuongelee wapi?

Mtu wa nje angecheka. Programu tumeshaiandika,
inapima zabibu kuanzia Hombolo hadi Mpunguzi,
msimbo wake uko wazi kama kiwanja cha shule:
aingie anayetaka, achukue, arekebishe, arudishe.
Lakini maneno yaliyouzaa msimbo huo
tuliyaweka wapi?
Kwenye kundi la wasapu,
kati ya kadi ya harusi ya binamu yake Nyemo
na mchango wa msiba wa Bahi,
kati ya "amkeni wapendwa" na picha ya ng'ombe anayeuzwa.

Mwezi wa nne Sechelela aliuliza
kwa nini mizani inameza gramu baada ya nukta.
Chilongani akamjibu, mistari ishirini, imenyooka.
Mwezi wa nane mgeni kutoka Kondoa akauliza lile lile.
Tukapekua. Tukapekua mpaka bando likakata.
Jibu lilibaki kwenye simu ya Sechelela,
na simu ya Sechelela ilibaki kwenye choo cha stendi ya Nanenane.

Nyemo akasema tuhamie wanakoongea wenzetu wa dunia,
kule kila mada ina chumba, kila chumba kina rangi,
na ni bure.
"Bure ya nani?" Yolamu akauliza.
"Nyumba ya kupanga isiyo na kodi,
mwenye nyumba anakula nini?"

Chilongani anayo kompyuta ya zamani, Ng'hong'honha,
chini ya kitanda. Ataifanya seva.
"Maneno yetu yalale kwetu."
"Umeme ukikatika?"
"Tutanyamaza."
"Na ukioa?"
Hapo mtoto akaamka kwa kicheko chetu.

Mimi nilitetea barua pepe.
Nikasema ni punda wa Mvumi: hana mbio, anafika,
hata kwa bando la mia tano.
Wakanitazama kama niliyeingia na taa ya chemli.

Ndipo Zuwena, yule mgeni wa Kondoa,
aliyekuwa akichora duara kwenye vumbi la kreti:
"Niliomba kuingia kundini kwenu wiki sita.
Msimamizi alikuwa amebadili namba.
Msimbo mmeuacha wazi, sawa.
Mazungumzo mmeyatia kufuli."

Feni ikazunguka.
Yolamu akafungua droo, akitafuta kalamu nadhani,
akatoa karatasi ya daftari la mraba,
mwandiko wa mjukuu, maneno ya Mama Ndahani wa Makutupora,
mwenye kitochi kilichofungwa kwa mpira:
*Mizani yenu imenipunja kilo nne.
Sijui pa kusemea. Nimesemea hapa.*
Tarehe: kumi na moja Februari.
Miezi miwili kabla ya Sechelela.
Yolamu akaigeuza nyuma, kana kwamba huenda tulishamjibu.

Tukapiga kura. Seva ya kitandani, tano.
Wenye vyumba vya rangi, wawili. Punda, kura moja, yangu.
Wa tisa alikuwa nje anaongea na simu.
Tukakubaliana: kusoma hakutaki nywila.
Na mimi niliyeshindwa nikapewa kazi ya Jumamosi,
kupita ghalani, kukusanya karatasi, kuzichapa
neno kwa neno, na makosa yake.

Nilianza na ile ya Februari.
Jumanne umeme ukakatika mji mzima. Tukanyamaza.
Saa tano usiku ukarudi;
Chilongani anasema kitanda kilianza kuunguruma,
na kabla hata yeye hajavaa miwani
kulikuwa na mtu ndani, asiye na jina,
anasoma kilo nne za Mama Ndahani.