Robo ya Mzunguko

Ngowa aliisukuma kutoka daraja la Sabaki,
akaiegemeza ukutani kwangu, hapa Maweni,
akasema, "Dada Saumu, imekataa."
Hakusema imeharibika. Imekataa,
kama mgeni aliyekaribishwa chakula akasema ameshiba.

Honda ya silinda mbili, kabureta mbili,
umri wake unauzidi wangu.
Miaka kumi na tisa inakwenda Gongoni na kurudi,
kwenye mashamba ya chumvi, Ngowa anakopima magunia,
na chumvi nayo inampima.

Nikafungua bakuli la kushoto.
Chini ya petroli, tope jeupe, laini,
ukilionja ni bahari.
Chivatsi alilionja. Nilimkataza, akalionja.

Jeti haichokorwi kwa waya.
Shaba ni laini; tundu likipanuka
utalipia petroli hadi kiyama.
Mimi hutumia chelewa niliyoichonga kwa wembe,
kisha napuliza, naielekeza jeti juani:
nukta moja ya mwanga, ndogo kuliko chembe ya ulezi.
"Chelewa," Chivatsi anacheka, "ndiyo maana tunachelewa."
Acha acheke. Bado hajajua
kwamba kazi hii, yote, ni kungoja.

Skrubu ya hewa: ingiza hadi iguse, usikaze.
Rudisha mzunguko mmoja na nusu.
Washa. Ngoja ipate joto.
Kisha robo. Sikiliza.
Nusu ya robo. Sikiliza tena.
Bodaboda wanapita na honi zao,
redio ya kinyozi inatangaza vifo,
nami nimeinama, kipande cha mpira sikioni,
natafuta silinda ipi inapumua na ipi inaigiza.

Viganja viwili nyuma ya ekzosi mbili.
Cha kulia: pumzi fupi fupi, za kiburi.
Cha kushoto: kikohozi, kimya, kikohozi,
kama mtu mwenye neno na hana pa kuanzia.
Robo. Nusu ya robo.
Alasiri ilikuwa imekwisha kupita
viganja vilipokubaliana.
Nikachomoa plagi: kahawia,
rangi ya haluwa inapotaka kuepuliwa.
Ngowa akalipa, akazidisha mia, akaondoka
na mlio mmoja tu, mnyoofu kama mshono wa cherehani.

Kesho yake, alfajiri, yuko mlangoni.
Shati lile lile, macho mekundu.
"Irudishe."
Nirudishe nini?
"Kikohozi."

Mkewe, Mbodze, haoni, mwaka wa sita huu.
Kikohozi kile humfikia tangu kwenye mkorosho wa njia panda:
kikisikika, hupakua sima;
kikizima, huondoa komeo.
Jana alisikia pikipiki ya watu.
Ngowa alibisha, akajitaja jina,
jina la baba, jina la babu.
"Sauti ni yako," Mbodze akajibu kwa ndani.
"Na pikipiki ni ya nani? Yetu umemuuzia nani?"
Akalala barazani,
helmeti kichwani, kwa sababu ya mbu.

Sijawahi kuombwa niharibu kazi.
Nilisimama na bisibisi kama shahidi wa uongo.
Kulia sikugusa.
Kushoto, robo, nyuma.
Ngowa alifumba macho. "Zaidi kidogo.
Zaidi. Umepita! Rudi. Hapo."
Mimi ndiye fundi, lakini sikio lake lilinishinda,
maana alisikiliza kwa sikio la mwingine.

Nikamhesabia petroli atakayoipoteza kwa mwezi.
"Itie kwenye mahari," akasema,
akaondoka akikohoa kuelekea Muyeye.

Lakini kabla hajaondoka
nilimtuma Chivatsi kwa dada yake, msusi wa jirani,
nikatia tone la rangi ya kucha, nyekundu,
juu ya ile skrubu ya kushoto,
ili fundi yeyote ajaye
asije akaitengeneza.